Muulize Fundi: Raba za Michezo, Tunaweza Kuzishona Hapa?

Mwezi huu zimenifikia barua tatu za maana. Ya nne ni ya bwana mmoja anayedai nilimharibia viatu vya harusi mwaka juzi. Huyo tumeshayamaliza barazani kwa kahawa, sina haja ya kumjibu hapa.

Nianze na ile fupi.

*Fundi, assalamu alaykum. Nilinunua raba mpya dukani, nikaziweka ndani ya boksi nisizichakaze, nia yangu nivae Idi kwa Idi. Idi hii nimezivaa, hata msikitini sijafika, soli imemong'onyoka kama mkate wa juzi. Nimerudi nyumbani peku na watoto wananicheka. Hili ni jambo la kawaida au kuna mtu kanifanyia? — Mwenye Kujitunza, Chake Chake*

Alaykum salaam. Hakuna aliyekufanyia. Soli yako ilikuwa ya poliyurethani, plastiki laini yenye vitundu vya hewa ndani. Adui yake ni unyevu. Maji yaliyomo hewani huivunja polepole kutoka ndani, hata kiatu kikiwa kimelala tu kabatini, na hewa ya visiwa vyetu unaijua ilivyo: chumvi usiyoifunika usiku, asubuhi imekuwa uji. Ulipokitia kwenye boksi, tena bila shaka ndani ya mfuko wa plastiki, ulikifungia pamoja na huo unyevu wake. Kiatu kilikufa zamani, wewe umekizika Idi hii.

Siku nyengine ukinunua, vaa. Na kama mwili wa kiatu ni mzima usiutupe. Fundi yeyote hapo Chake atakuwekea soli ya mpira.

Sasa hizi mbili nyengine. Nimezisoma mbalimbali, kisha nikaona zinaulizana wenyewe kwa wenyewe, basi nazijibu kwa mpigo mmoja.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 19, nakaa Michenzani. Nna ubao wa magurudumu, skeiti, kaniletea mjomba kutoka Oman. Tupo watano tunacheza jioni. Tatizo viatu. Kiatu cha kulia kinatoboka ubavuni kila baada ya wiki sita, cha kushoto kinabaki kizima. Tangu Ramadhani nimeshanunua pea tatu. Babu yangu anasema zamani viatu vilikuwa vikitengenezwa hapa hapa. Kweli raba za michezo na hizi za skeiti haziwezi kutengenezwa Zanzibar, au hata Tanzania nzima? Mwenzangu mmoja anabisha, anasema hata Wamarekani wenyewe wameshindwa kuzitengeneza kwao, sembuse sie. — Mpanda Ubao, Michenzani*

*Fundi, hujambo. Mie nalima mwani hapa Paje tangu msichana. Tunaingia baharini na raba kuukuu za watoto wa skuli, au soksi mbilimbili. Raba ikishakaa majini wiki mbili soli inaachia, mchanga unaingia, vidole vinachubuka na chumvi juu yake. Zile za mpira wanazovaa watalii bei yake hatuiwezi. Hamuwezi kutushonea kitu? Tupo kikundi, wanawake 22. — Mama wa Bamvua, Paje*

Marahaba mwanangu. Mie sijambo, Bi.

Mpanda Ubao, umetaja jambo moja bila ya kujua uzito wake, nalo ni kwamba kinachokufa ni cha kulia tu. Hapo nimeshajua kuwa wewe hutanguliza mguu wa kulia. Nimewaona, wewe au wenzio, siku moja natoka kununua uzi. Kijana anaupiga mkia wa ubao chini kwa mguu wa nyuma, na ule wa mbele anauburura kiubavu juu ya ubao, mpaka ubao unapanda naye hewani kama umemganda. Na juu ya ubao mmebandika msasa, msasa khasa, ndugu yake huu ninaosugulia soli. Kwa hivyo kila ukiruka unakipiga kiatu msasa pahala pale pale, karibu na kidole cha mwisho. Hakuna kiatu kinachoshinda msasa. Vipo vinavyochelewa kushindwa: kitambaa cha maradufu hutoboka upesi, ngozi iliyokwaruzwa uso ikawa na manyoya laini hustahimili zaidi.

Huyo mwenzio anayebisha mwambie kisa hiki. Mwaka 1966, katika mji wa Anaheim, California, ndugu wawili wa ukoo wa Van Doren na washirika wao walifungua duka la viatu, na kiwanda kipo nyuma ya duka. Siku ya kufungua walikuja wateja 12. Walichagua, viatu vikashonwa huko nyuma, jioni wakavifuata. Ndio Vans hao mnaowajua. Baadaye vijana wa mbao wakavipenda viatu vile kwa soli yao ya mpira inayonata ubaoni, na wao pia wakaja na shida yako, mguu mmoja umekwisha na mwengine mzima. Dukani wakawa wanauziwa mguu mmoja.

Lisome tena hilo. Waliuziwa mguu mmoja kwa sababu aliyeshona alikuwa hatua kumi nyuma ya kaunta. Leo ukiandika barua kiwandani Vietnam ukaomba cha kulia tu, namba 42, utasubiri mpaka ndevu zikutoke mvi.

Vans waliacha kushona California katika miaka ya 1990. Converse, kampuni ya tangu 1908, ilifunga kiwanda chake cha Lumberton, North Carolina, mwaka 2001. Nike leo karibu nusu ya viatu vyake hushonwa Vietnam. Lakini New Balance bado wana viwanda Maine na Massachusetts, na kimoja Flimby, Uingereza. Wao huandika "kimetengenezwa Marekani" kwenye kiatu ambacho thamani iliyopatikana nchini humo ni asilimia 70 au zaidi. Asilimia 70! Kinachobaki, zikiwemo soli, huweza kuja kwa meli. Kampuni kubwa namna ile inahesabu asilimia bila ya kuona haya, na mie nikishona kiatu Mwanakwerekwe mtu ananiuliza kwanza, "Soli ya wapi?" kama kanikamata na mali ya wizi.

Waliohama hawakuhama kwa kusahau kushona. Kiatu kinataka vidole. Kukivuta kitambaa juu ya foroma, yaani ule mfano wa mguu kinaposhonewa kiatu, bila mkunjo, kupaka gundi ukingoni isivuke mstari, hizo ni kazi za mkono, na mkono wa Massachusetts ni ghali. Adidas walijaribu kuvikimbia vidole. Walijenga viwanda viwili vya roboti, kimoja Ansbach, Ujerumani, na kimoja karibu na Atlanta, Marekani. Mwaka 2019 wakatangaza kuvifunga, na ilipofika 2020 habari yake ilikuwa imekwisha, mitambo ile wakaitaka itumike kwa washonaji wao wa Asia. Vidole vimewashinda roboti, angalau kwa sasa.

Sie vidole tunavyo. Twende kwenye tusivyokuwa navyo.

Kiatu cha skeiti kina njia mbili za kutengenezwa. Ya kwanza ni kuoka. Mwili wa kiatu huvutwa kwenye foroma, chini hubandikwa soli ya mpira usioiva, utepe wa mpira kama huo huzungushwa pembeni, kisha kiatu kizima pamoja na foroma yake huingia tanurini, joto juu ya nyuzi 100, saa moja na ushei. Ndani ya mpira mna salfa, na joto ndilo linaloiamsha salfa ikaufunga mpira. Siri hiyo aliigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Bila ya hiyo, mpira ukikaa juani hunata kama utomvu wa fenesi.

Kila nikisema haya hutokea mtu akaniambia: "Fundi, mpira si upo Kichwele?" Upo. Wageni wanaokwenda kutembezwa kwenye viungo huonyeshwa miti ile ikigemwa, kikombe chini, maziwa yanadondoka. Nami niliona kama wewe unavyoona. Nikapata kipande cha mpira mbichi, nikajiona mwenye kiwanda.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mpira mbichi unatakiwa ukandwe pamoja na salfa na unga wa zinki baina ya magogo mawili ya chuma yanayozunguka, mpaka vishikane kama unga wa chapati na samli. Magogo hayo mie sina. Nikaupasha moto, nikaukanda kwa mchi, nikanyunyiza salfa ya kupulizia mimea, nikapanga kiatu changu vizuri kwenye foroma. Nina jirani muoka boflo. Nikamwomba tanuri lake usiku baada ya boflo kutoka. Basi siku tatu zile wateja wake walikula boflo zinazonuka yai viza. Mpaka leo salamu yake kwangu ni ya nusu mdomo. Na soli yenyewe ilitoka upande mmoja jiwe, upande mmoja ulimbo.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa foroma. Nilichongewa na seremala kwa mti wa mfenesi, kazi nzuri ya wiki nzima, na tanuri likaipasua toka kisigino hadi kidole gumba. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini viwandani foroma za viatu vya kuoka husubiwa kwa aluminiamu.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye foroma, maana watu wakiota kiwanda huota mashine za kushona, wala hakuna anayeiota hii. Foroma ndiyo mguu wa mteja ambaye hayupo. Namba 36 mpaka 45 ni namba kumi, kila namba kulia na kushoto, zimekuwa 20. Lakini kiatu kikiwa tanurini kimeishikilia foroma yake, huwezi kuitumia kwa chengine. Ukiwa na seti moja utatoa pea kumi kwa siku, kila moja ya namba yake, ukae uzitazame. Kiwanda huwa na mamia. Na umbo lake lazima liwe la miguu yetu. Mtu aliyekulia peku kwenye mchanga, mguu wake huwa mpana mbele kama kasia, na foroma za nje nyingi ni nyembamba. Nusu ya raba za mtumba ninazoletewa zimepasuka pembeni kwa sababu hiyo hiyo tu.

Dawa ipo, na wala haiko mbali. Mafundi wanaosubu sufuria za aluminiamu kwenye mchanga wanaweza kusubu foroma. Nimemuuliza mmoja Dar es Salaam, kanambia, "Niletee mfano wa mti nikutolee kumi." Mfano wangu ndio ule umeshapasuka. Nitachongesha mwengine, na safari hii seremala aongeze kidogo kote, kwani aluminiamu ikipoa hunywea.

Habari ya umeme sitaki kuirefusha. Mnaokumbuka Mei 2008, Unguja ilipozimika karibu mwezi, na tena Disemba 2009 ikazimika miezi mitatu, mnajua. Kiatu kilichokatikiwa joto katikati ya kuiva hakirudiwi.

Njia ya pili ni kushona, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Soli huundwa kama bakuli lenye kingo. Mwili wa kiatu hukaa ndani ya bakuli, unatiwa gundi, kisha uzi unapita pembeni kuzunguka kiatu kizima. Viatu vingi vizito vya skeiti hufanywa hivyo. Sasa toka Darajani mpaka Mkokotoni, mtazame kila fundi aliyekaa chini ya mwembe na msharasi wake. Anafanya nini? Anazungusha uzi pembeni mwa raba za watu! Mtu hununua raba mpya, na kabla ya kuivaa humpelekea fundi aipige mshono, kwa sababu haiamini gundi. Hatua ambayo kiwandani ni ya mwisho, sie tunaifanya kila siku kama tiba.

Basi baada ya aibu ya boflo nikajaribu njia hii. Soli za bakuli nilinunua Kariakoo, zimetoka nje, sifichi. Ngozi ni ya ng'ombe, ya bara, nikaikwaruza uso mwenyewe. Ubavuni nikapitisha mshono mmoja badala ya mitatu, na huo mmoja nikaulaza ndani ya mfereji, kwani msasa hukata uzi kwanza na ngozi baadaye. Chini ya ngozi, pale pa kidole cha mwisho, nikaficha kipande cha tyubu ya baiskeli. Ngozi ikitoboka, mpira upo nyuma yake unangoja. Nilikuwa nimefikiria pia soli ya tairi. Addis Ababa yupo Bethlehem Tilahun Alemu, aliyeanzisha soleRebels, viatu vyake vyenye soli za tairi kuukuu vikauzwa nje ya nchi. Kwa kutembea, safi. Kwa ubao, mpwa wangu aliyenijaribia alisema kama kavaa matofali, hausikii ubao chini ya unyayo.

Pea ile ya bakuli kaivaa mpwa huyo huyo, huu mwezi wa tatu. Gundi iliachia mara moja mbele, na lawama yake iko kwa duka lililoniuzia kopo lililokwisha kuchanganywa petroli. Mshono haukuachia hata tundu moja.

Hesabu yake: vitu peke yake shilingi 41,000, na siku mbili za kazi yangu ambazo sijazitia bei. Darajani raba nzuri ya mtumba naipata kwa 30,000. Hapo ndipo panapouma. Mtumba ulishalipiwa na mtu mwengine aliyeuvaa. Mie nashindana na kiatu ambacho aliyekitengeneza hadai tena.

Ama raba za kukimbilia, za kukimbia kweli, jibu langu ni bado. Mwaka 2013 watafiti wa chuo cha MIT kule Marekani walikichambua kiatu kimoja cha kukimbilia, wakakuta vipande 65 na hatua zaidi ya 360 za kukifanya. Katikati yake mna povu la eva, jepesi, linalorudi likibonyezwa, na hilo halikatwi kwa kisu cha fundi likawa sawa. Linaumuliwa ndani ya kalibu ya chuma, na kila namba ina kalibu zake, za maelfu ya dola. Wakenya wamelijaribu hili kwa akili. Kampuni yao ya Enda ilianza mwaka 2016 kwa kuchangisha fedha mtandaoni, kiatu chao cha kwanza wakakiita Iten, jina la mji wa wanariadha. Vipande vilitoka China, kuunganisha wakafanya Kenya, nia yao ikiwa kuongeza cha nyumbani kidogo kidogo. Mie naona hiyo ndiyo adabu ya kazi.

Babu yako hakukudanganya, mwanangu. Baada ya Mapinduzi Wachina walitusaidia kujenga kiwanda cha viatu na ngozi hapa Unguja. Bara kulikuwa na kampuni ya viatu ya Bata, ambayo serikali ilichukua hisa zake nyingi mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha. Na ngozi tulikuwa na dawa yake wenyewe, magome ya mkandaa, mmoja katika mikoko yetu. Yalikuwa yakipakiwa majahazini kwenda nje kulainishia ngozi za watu wengine. Siku hizi mikoko ni ya kuilinda, na iachwe. Bila yake bahari itakuja kunikuta barazani.

Lakini babu akikwambia tatizo ni kukosa kiwanda kikubwa, hapo mkatalie kwa heshima. Kiwanda kikubwa tulikijenga. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa pea milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa iuzwe Ulaya. Hakikupata kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Kuta zilikuwa za aluminiamu na hapakuwekwa njia ya kupitisha hewa, Morogoro, jua lile! Mwaka 1990 kilisimama. Mie nilipolisikia hilo la kuta nilicheka, kisha nikakumbuka foroma yangu ya mfenesi nikanyamaza. Sote tuliweka kitu kisichofaa mbele ya joto.

Kuna kosa la pili pale, na hili ndilo linalonileta kwako, Mama wa Bamvua. Morogoro walianza na miguu ya Ulaya, ambayo hawakupata kuiona. Wewe umeniandikia una miguu 44, na najua inakanyaga nini.

Kiatu chako, Bi, nimekifikiria zaidi ya cha Mpanda Ubao, naye asinune. Mwani unalimwa hapo Paje na Jambiani tangu 1989, maelfu ya wanawake huingia majini kila bamvua, maji yakikupwa mbali, na kwa muda wote huo mmevaa viatu vilivyokusudiwa kwenda skuli. Raba ya skuli ndani yake, chini ya kitambaa cha unyayo, ina ubao wa karatasi ngumu. Hebu ng'oa utazame. Wiki mbili za maji ya chumvi na karatasi ile inakuwa uji, soli inakosa cha kushika. Matundu ya kamba yana vipete vya chuma, vinashika kutu, kutu inakula kitambaa. Uzi ni wa pamba, unaoza. Na hakuna pahala maji yatokee, kwa hivyo mnabeba bahari mguuni.

Mie nitaondoa hivyo vyote. Maradufu mazito. Uzi wa nailoni, ule ule wa kushonea nyavu. Matundu manne ubavuni, madogo, maji yatoke na mchanga usiingie sana (utaingia tu, sikudanganyi). Soli ya bakuli yenye ukingo wa juu kidogo, kwa ajili ya miiba na matumbawe, imeshonwa kuzunguka. Gundi nitaipaka ya kushikizia tu wakati wa kushona, kazi yote aifanye uzi. Haitaki kuokwa, wala povu la eva, na nikiwa na foroma tatu nne za upana mzuri zinatosha kuanzia.

Unyayo wa ndani bado unanisumbua. Nimejaribu kusuka usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, maana hauogopi bahari. Makumbi yenyewe huzikwa pwani ndani ya maji ya chumvi mpaka yalainike ndipo yapondwe. Unakauka upesi na hauvundi. Lakini unakwaruza. Nimeuvaa mwenyewe siku nzima dukani na jioni nilikuwa natembea kama kuku mwenye kamba mguuni. Labda majini unalainika, labda hauvumiliki kabisa. Hilo mtanambia nyinyi. Pea mbili za mwanzo ntazishona moja na usumba, moja bila, mvae bamvua mbili, mnirudishie na matusi yenu.

Bei siitaji gazetini kabla ya kupima. Ila nakuambieni wazi kwamba pea 22 ndizo zinazoweza kunilipia foroma za aluminiamu. Pea moja ya skeiti hailipi hata nauli ya boti ya kuzifuata. Foroma zikishakuwepo, kiatu cha Mpanda Ubao kitapanda mgongoni mwa viatu vyenu, na mwakani huenda na watoto wa skuli wakapanda pia.

Bi, fanyeni hivi. Kila mmoja akanyage karatasi, asimame wima, mwenzake amzungushie kalamu iliyosimama, isiingie chini ya unyayo. Miguu yote miwili, maana sijaona bado mtu mwenye miguu sawa. Na mchore jioni baada ya kutoka pwani, mguu ukiwa umevimba. Ukichorwa asubuhi kiatu kitawabana. Andikeni jina juu ya kila karatasi, mzikunje, mumpe utingo wa gari ya mjini, amwambie dereva asizifanyie pumbao la kufutia kioo.

Nawe Mpanda Ubao, njoo Mwanakwerekwe baada ya alasiri, uliza fundi mwenye meza ya buluu. Hicho cha kushoto kiache nyumbani, bado kizima. Niletee cha kulia.